Chumba cha Watu Wawili

Shefali Guha alikuwa juu ya paa la nyumba yake huko Behala, Kolkata, akidondosha madonge ya dengu iliyosagwa juu ya kitambaa cheupe ili yakauke kwa jua la Januari, simu ilipolia. Vidole vyake vilikuwa vimetapakaa dengu. Akaibonyeza kwa kifundo cha kidole, akaiinamia pale pale ilipokuwa, juu ya tofali.

"Hongera sana mama," ilisema sauti ya kijana mchangamfu. "Umeshinda! Seti ya vyombo vya kulia chakula. Ulijaza kuponi kwenye maonyesho ya sari, unakumbuka?"

Alikumbuka. Behala nzima ilijaza kuponi ile, hata paka angejaza kama angepewa kalamu.

"Basi uje Jumapili uchukue zawadi yako, na tukueleze kidogo kuhusu klabu yetu ya mapumziko. Ila uje na mzee. Hiyo ndiyo kanuni yetu, mama. Mke na mume, wote wawili."

"Mzee hayupo."

"Amesafiri?"

Shefali alitazama safu za madonge yake. "Ndiyo," alisema.

"Basi mwambie arudi kabla ya Jumapili," alisema kijana, akakata simu.

Mzee akarudi jioni ile ile. Shefali aliposhuka na ungo wake alimkuta ameketi kwenye kiti chake cha henzirani kando ya dirisha, anasoma gazeti la juzi. Alikuwa amekufa mwaka wa pili sasa. Alikuwa amechomwa kwa heshima zote katika uwanja wa kuchomea maiti wa Keoratala, na shali yake bado ilinukia moshi na samli.

"Chai ipo?" aliuliza.

Shefali akabandika birika.

Mtaani kwao jambo hilo halikuwa geni. Marehemu akirudi, hukaa mpaka siku mkewe atakapomtaja kwa jina. Na kwa kuwa wanawake wa rika la Shefali hawamtaji mume jina, maana kumtaja ni kumpunguzia siku zake, marehemu wa mtaa ule waliweza kukaa sana. Mume wa mama Kundu, nyumba ya tatu, alikaa miaka hadi siku ya uchaguzi, mkewe alipoulizwa na karani "mke wa nani?" akajibu bila kufikiri. Alirudi nyumbani akakuta kiti kitupu na chai bado ya moto. Shefali alikuwa akimwita wake Baba Mithu, kwa jina la binti yao anayefanya kazi Bangalore. Hakuwahi kulitamka jina lake hata mara moja tangu harusi, na bado siku zake zilikuwa zimepungua zikaisha.

Kitu pekee kilicholeta mjadala ni samaki. Wifi yake, Purnima, alikuja asubuhi kumwamkia kaka yake na kutoa hukumu.

"Mume yupo," alisema Purnima, "lakini amekufa. Kwa hiyo wewe ni mjane bado. Na mjane hali samaki."

"Na yeye nimpe nini?"

"Yeye mpikie samaki. Kaka yangu ale dengu kwa kosa gani?"

Shefali akapika samaki wa haradali. Baba Mithu, kama marehemu wote, alikula harufu tu, akashukuru. Shefali alikula dengu. Samaki mwenyewe aliliwa na paka, na mwezi ule paka yule alinenepa hadi akashindwa kupita kwenye nondo za dirisha.

Sasa, ili mtu aelewe kwa nini Shefali hakuitupa ile simu ya klabu, lazima ajue habari ya mlima. Usiku wa harusi yao Baba Mithu alimwahidi kumpeleka Darjeeling akauone mlima Kanchenjunga. Kwa Mbengali hiyo si ahadi kubwa. Wabengali hubadili hewa kama wengine wanavyobadili shuka. Wakipata likizo tu, wanakunja magodoro na kupanda treni. Lakini Baba Mithu alikuwa mtu wa kufikiri. Kila mwaka alikata matangazo ya hoteli zilizopunguza bei, akayapanga mezani, akalinganisha, akagundua kwamba mwaka ujao huenda bei ikashuka zaidi. Hakuwa mkali, wala mchoyo, wala mlevi. Shefali angemuuliza, naye angejibu kwa upole, "Nitafikiri." Alifikiri miaka thelathini na nne, kisha moyo ukasimama akiwa ofisini kwake katika kampuni ya umeme, mkasi ukiwa mkononi.

Majira ya baridi yaliyofuata Shefali alijifunga kibwebwe, akaenda kwa Montu, wakala wa safari pale kwenye kona. Montu alimtafutia chumba Darjeeling kwa nusu bei, akampigia mwenye hoteli mbele yake, akampa simu azungumze.

"Watu wangapi, mama?"

"Mmoja."

"Wewe mwenyewe? Peke yako? Hapana, mama. Mwanamke peke yake huwa ananiletea maneno. Njoo na mtu wenu."

Montu alijaribu hoteli nyingine, na nyingine. Wote walikuwa watu wenye adabu, na wote walisema lile lile. Shefali alirudi nyumbani akaanika madonge ya dengu.

Ndiyo sababu Jumapili ile alivaa sari yake ya rangi ya mchanga, akamfunga Baba Mithu skafu madhubuti, kwa kuwa alikuwa mwepesi sana sasa na upepo wa barabarani ungeweza kumsogeza, wakaenda.

Klabu ilikuwa imekodi ukumbi wa hoteli kubwa kando ya barabara ya mchepuko. Kulikuwa na mapulizo, na kengele ya shaba iliyogongwa kila wenzi walipokubali kununua, na watu wote wakapiga makofi. Kijana wa simu aliitwa Prantik Saha. Aliwavutia viti viwili, kisha akageuza chake kikamwelekea Baba Mithu.

"Mzee, umri wako? Kanuni inasema usizidi sitini na tano."

"Sitini na mmoja."

"Mwezi gani unafikisha sitini na mbili?"

"Sifikishi," alisema Baba Mithu.

Prantik alivuta hewa, akasikia moshi na samli, akaelewa. "Vizuri sana," alisema. "Wateja kama wewe, mzee, ndio tunaowapenda. Hawaugui wakaahirisha safari."

Akaeleza. Unanunua wiki moja ya kila mwaka, kwa miaka ishirini na mitano, katika majumba ya klabu yaliyoko milimani na pwani. Wiki ni yako. Bei ya hoteli ipande, wewe huna habari. Hao wanaotafuta vyumba vya punguzo kila mwaka, mzee, ni kama mtu anayenunua maziwa kikombe kikombe ilhali angeweza kufuga ng'ombe.

"Ng'ombe anakula," alisema Baba Mithu.

"Kuna ada ndogo ya matunzo, ndiyo."

"Chumba kinatazama mlima?" aliuliza Shefali.

"Mzee, mama anauliza kama chumba kinatazama mlima," Prantik alimwambia Baba Mithu. "Kinatazama."

"Na nikija mwenyewe?"

"Mwenyewe na nani?"

"Mwenyewe."

Prantik alicheka, cheko la mtoto aliyelelewa vizuri. "Mama, uanachama ni wa mzee. Wewe umo ndani yake, umefunikwa kabisa, usiwe na wasiwasi."

"Lakini pesa ni akiba yangu. Yeye hana tena."

"Hakuna neno. Sahihi ya mzee inatosha."

Mezani palikuwa na kalamu. Baba Mithu aliitazama muda mrefu. Kengele iligongwa kwenye meza ya jirani, watu wakapiga makofi, na upepo wa makofi yale ukamtikisa kidogo kwenye kiti, hata Shefali akamshika kiwiko.

"Nitafikiri," alisema Baba Mithu.

Walipewa hadi mwisho wa mwezi, na seti ya vyombo iliyopungukiwa na bakuli moja.

Njiani Baba Mithu alitoa uamuzi wake wa muda. Kwanza waende mara moja kwa chumba cha punguzo cha Montu, wauone huo mlima kama una maana. Ukiwa na maana, atasaini. Shefali alikuwa anapiga hesabu nyingine kabisa. Chumba cha punguzo ni safari moja, halafu basi. Klabu ni wiki moja kila mwaka ambayo Baba Mithu angelazimika kuwepo, majira ya baridi ishirini na matano, yeye na shali yake na gazeti lake. Alikuwa amemkosa sana mtu huyu, usiku hasa, ilimuuma kama jino. Na alikuwa amechoka naye, na hilo pia lilikuwa kweli. Hakujua lipi kati ya hayo mawili apelekee akiba yake.

Montu alipiga simu kwa hoteli ile ile ya kwanza. "Wawili," alisema, na chumba kikapatikana.

Katika treni Shefali alimpakatisha Baba Mithu kapu la chakula ili asipeperushwe na upepo wa dirishani: mikate ya kukaanga, viazi vya viungo, peremende za maziwa. Katika gari la kupandia mlimani Baba Mithu alilipiwa nauli kamili, kwa sababu kiti ni kiti.

Mwenye hoteli aliitwa Bishnu Rai, mtu mnene mwenye koti la sufu. Alitoka nje kuwapokea, akampa Baba Mithu mkono, akaupata mwepesi na baridi, akausugua kidogo ili upate joto.

"Karibu sana, mzee. Msimu huu watu hakuna. Nimewapa chumba cha juu, chenye roshani."

"Mimi niliwahi kukupigia simu mwaka jana," alisema Shefali.

Bishnu alimtazama. "Ni wewe yule? Nisamehe, mama. Si kwa ubaya. Mwanamke peke yake, akipatwa na jambo, polisi wanakuja kwangu mimi."

"Na mume aliyekufa?"

"Huyo ni mume," alisema Bishnu, akachukua mizigo.

Siku ya kwanza ilikuwa ukungu mtupu. Siku ya pili vilevile. Wageni wachache waliokuwepo, wote kutoka Kolkata, walikaa sebuleni na kofia zao za kuziba masikio wakilaumu, huyu akiilaumu serikali, yule akimlaumu mkewe. Baba Mithu alikaa kitandani chini ya mablanketi matatu, naye na kofia yake, kwa maana marehemu husikia baridi kuliko sisi. Shefali aliketi kwenye ncha ya kitanda. Bishnu aliwaletea machungwa ya huko, madogo, ya maganda malegevu. Baba Mithu aliyamenya, akaondoa nyuzi nyeupe moja moja kama alivyofanya walipokuwa maharusi, akamlisha.

"Nilikuwa nakuchelewesha," alisema.

"Ulikuwa unanichelewesha."

"Nilidhani muda upo."

"Mimi sikudhani hivyo. Ila hukuniuliza."

Alimenya chungwa jingine. Nje hapakuonekana hata ukuta wa roshani.

"Nimefikiri," alisema. "Tukirudi nitasaini. Tuwe tunakuja kila mwaka, hata ukungu ukiwepo."

Shefali alilia kidogo, kwa furaha, akajifuta kwa ncha ya sari. Miaka thelathini na nne alikuwa ameisubiri sentensi hiyo. Usiku ule alilala amemshikilia mkono ili asielee. Alikuwa amekwisha kuamua. Akiba yote iende, binti yake wa Bangalore akiuliza atasema amenunua ng'ombe.

Aliamka alfajiri kwa sababu chumba kilikuwa kimebadilika rangi. Alijifunga shali, akatoka kwenye roshani pekupeku. Ukungu ulikuwa umeondoka. Aliutafuta mlima pale mtu anapotafuta milima, kule juu ya vilima, akaona mawingu tu. Kisha akainua uso zaidi, na zaidi, hadi mahali ambapo mtu hutazama akitafuta mwezi, na ulikuwa pale. Ulikuwa mweupe, halafu ncha yake ikashika rangi ya waridi, na rangi ile ikaanza kuteremka polepole bila haraka ya mtu yeyote. Shefali hakuwa amejua kwamba kitu ulichonyimwa kinaweza kuwa kizuri kuliko ulivyokililia.

Akageukia mlango, mwili mzima umejaa furaha, akaita:

"Ardhendu! Ardhendu, njoo uone!"

Sauti yake ilisikika mbali. Mbwa mmoja alibweka chini barabarani. Shefali alibaki ameshika mlango, kinywa wazi. Jina lile lilikuwa na ladha ngeni, kama maji ya kisima cha watu wengine.

Alipoingia, mablanketi matatu yalikuwa yamelala bapa juu ya godoro. Kofia ilikuwa kwenye mto. Kwenye kisahani palikuwa na nusu ya chungwa, nyuzi zake zimeondolewa zote.

Alikaa kitandani. Alisema tena lile jina, taratibu, kwa kuwa sasa halikuwa na cha kupunguza. Kisha akala lile chungwa, akarudi kwenye roshani, kwa maana mlima haumngoji mtu, akasimama akiutazama mpaka ukawa mweupe wote.

Bishnu alikuwa anapanga vikombe Shefali aliposhuka.

"Mzee bado amelala? Mwamshe, mama, leo umefunguka vizuri!"

"Ameondoka."

"Anarudi saa ngapi?"

"Nimemtaja."

Bishnu aliweka kikombe chini. Akainamisha kichwa, akampa pole kama inavyopaswa, bila haraka. Akamkalisha, akamletea chai ya tangawizi na mkate, akasimama hapo mpaka alipoona amekula. Kisha akasugua mikono yake.

"Lakini, mama, chumba kile ni cha watu wawili."

"Nimelipia mpaka keshokutwa."

"Nitakurudishia zile siku zilizobaki, sitapunguza hata senti. Mimi si mwizi. Kuna gari la saa nne."

"Leo hii?"

"Leo ndiyo vizuri. Njia kavu, hakuna ukungu." Alitazama dirishani, mlima ulikokuwa umejaa kioo kizima. "Utasafiri salama."

Alimbebea begi mwenyewe hadi ng'ambo ya barabara, kwenye benchi ambapo magari husimama, akarudi ndani. Shefali alikaa na begi miguuni na ile kofia mapajani. Simu ikalia.

"Mama mpendwa, shikamoo! Prantik hapa, wa klabu. Mzee amefikiri?"

"Amefikiri. Alikubali."

"Hongera! Basi mje Jumapili asaini."

"Alikubali, halafu akaenda. Ardhendu Guha. Andika hivyo."

Nyuma ya Prantik, mbali, kengele ya shaba iligongwa na watu wakapiga makofi. "Pole sana, mama," alisema, na alimaanisha. "Pole kwa kweli. Alikuwa mteja mzuri." Kisha, kwa upole zaidi, "Una kijana wa kiume?"

"Nina binti. Ana kazi yake, ana mshahara wake."

"Ameolewa?"

"Hajaolewa."

"Basi, mama, akiolewa tu, nipigie. Waje wote wawili. Ile ofa nitakushikia, nakuahidi."

Gari lilifika saa nne kasoro. Utingo aliteremka, akatazama benchi, akatazama kulia na kushoto kwa Shefali.

"Wangapi?"

"Mmoja," alisema Shefali.

Viti vya dirishani alikuwa amewawekea wenzi wawili kutoka Howrah waliokuwa bado wanakunywa chai. Akamfungulia Shefali mlango wa nyuma, akamsogezea magunia ya machungwa, akamtengea nafasi katikati yake, nafasi ya kutosha kabisa, isipokuwa mlima hauonekani kutoka pale.